Mteja anataka "nyumba ya Kizanzibari", nisaidieni kutambua vitu vilivyomo kwenye picha zake

Fundi_Kigamboni
Wakuu habari za jioni. Nina mteja anajenga huku Kigamboni, ghorofa moja, anasema anataka "nyumba ya Kizanzibari", kanirushia picha za Mji Mkongwe WhatsApp basi, kazi kaniachia mimi. Shida kila picha ina mambo yake. Moja paa halionekani kabisa, juu ukuta umekatwa meno meno kama ngome. Nyingine ina roshani ya mbao mbele nzima na fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa) imetobolewa maua maua. Milango ndo usiseme, mmoja juu umenyooka una maandishi ya Kiarabu, mwingine una nusu duara, wa tatu umejaa misumari ya shaba iliyochongoka. Mi nimezoea mapaa ya mgongo wa tembo na haya ya kuficha ya siku hizi. Hii ni staili moja au nyingi? Na hilo la meno meno juu kuna kenchi (fremu ya mbao ya paa) na bati au ni slabu ya zege? Nataka nijue kabla sijakaa na seremala maana hela yote inaishia kwenye mbao.

Mshangani
Ndugu yangu hapo umepewa nyumba za watu tofauti ukaambiwa ni moja.

Hiyo ya meno meno ni ya Kiarabu, ya Kiomani. Nje kavu kabisa, ukuta mnene wa mawe na chokaa, madirisha ya chini madogo, urembo wote kaupeleka mlangoni, raha iko uani ndani. Zenye roshani za mbao nyingi ni za Wahindi, chini duka juu wanakaa watu, ndo maana zinaangalia barabarani. Ukitaka kuona kazi hiyo ilipofikia nenda pale Mizingani kwenye Dispensari ya zamani ya Tharia Topan, yule tajiri wa Kihindi, ilianza kujengwa 1887 ikaisha 1894, mwenyewe keshafariki, utazame zile roshani na vioo vya rangi, seremala wako atakuomba nauli arudi kwao.

Kuhusu paa, asili yake lilikuwa bapa. Boriti za mikoko, juu mawe, halafu chokaa inapigwa mpaka inashika. Boriti ya mkoko haiendi mbali ndo maana vyumba vya zamani ni vyembamba virefu. Sasa masika ya huku unayajua, chokaa ikichoka inavuja, baadae watu wakapandisha bati juu yake, ukuta wa meno ukabaki unaficha. Kwa hiyo ukichungulia leo utakuta bati nyingi tu.

kijana_wa_Darajani
Na hiyo misumari usimwambie mteja ni ya kuzuia tembo, watembeza wageni wanaipenda sana hiyo hadithi, Unguja hii tembo atoke wapi 😂 mtindo umetoka India, huko ndo kulikuwa na tembo wa kupiga mlango, huku ni urembo na kuonyesha uwezo.

Milango tazama juu kwanza. Ukinyooka ni wa Kiarabu, mara nyingi ndo wa zamani zaidi, na maandishi ni aya ya Qur'ani, pengine na mwaka wa Hijria. Nusu duara na majani mengi ni wa baadae, mkono wa Kihindi umeingia. Ukiona vipande vidogo vya mraba mraba na ubao unajikunja, huo wa Kigujarati. Ule mti wa katikati uliochongwa ni mfaa, mtajie seremala, kama haujui tafuta mwingine.

Mlamu
Mbona Lamu mwatusahau? Kama ni kupamba ndani mwambie atake zidaka, vile vishubaka vya lipu vilivyochongwa safu safu ukutani. Na mlangoni daka, ule ukumbi mdogo wa kuingilia, lenye baraza huku na huku. Hayo yote fundi wa lipu anaweza, mbao hazihitajiki nyingi.

Fundi_Kigamboni
Aisee shukrani sana. Nimeongea nae, anataka meno juu NA roshani mbele, hasikii. Paa nafanya kenchi na bati nyuma ya ukuta.

Mshangani
Sio dhambi, hata huku zimo zilizochanganywa. Ila hapo nyuma ya ukuta ndo pa kuangalia, maji yote ya bati yanakuja kusimama hapo. Gata (mfereji wa maji ya paa) weka pana, ipe mteremko, na toboa mirizabu, yale mabomba ya kumwaga maji, itoke nje ya ukuta kabisa isilambe lipu. Acha na njia ya mtu kupita kuzoa majani, maana mrizabu mmoja ukiziba mvua ya usiku mmoja tu inaingia sebuleni. Roshani nayo usiining'inize kwa skrubu, mbao zake ziingie ndani ya ukuta wakati unapandisha tofali, kwa hiyo seremala muite sasa hivi kabla hujafika lenta, ile boriti ya zege juu ya madirisha.

Fundi_Kigamboni
Tuko kozi ya tano ya tofali, kesho asubuhi namuita.