Tupeane uzoefu: Sauti gani ya nyumbani ilikufanya uache kuiga biti za watu?

Wadau, habari za jioni. Niko Nyalenda, Kisumu. Natengeneza muziki wa kielektroniki mwaka wa nne sasa, na mitatu ya kwanza nilikuwa fotokopi. Asubuhi gqom, usiku amapiano, zote mitindo ya dansi ya Afrika Kusini. Marafiki wakisikia wanasema "iko sawa", na kazi ikishaambiwa iko sawa na rafiki, ujue hakuna kitu.

Kilichonigeuza ni matanga. Tulikuwa na mazishi upande wa Seme, na mzee mmoja akaletwa kupiga nyatiti, kinubi chetu Waluo. Nilikaa chini karibu na kigoda chake, simu mkononi, nikarekodi dakika 11. Nilipofika kwangu nikafungua laptopu, na mkono ukaenda wenyewe kutafuta kiki (lile pigo zito la ngoma, si ile ya mitandaoni) niilaze chini ya zile nyuzi nane. Haikukaa. Nikaweka nyingine, haikukaa. Nikasikiliza upya, polepole. Kumbe kiki ilikuwemo tangu mwanzo: mzee amevaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, anagongea ubao wa nyatiti, na njuga za mguuni, gara, zinajaza nafasi iliyobaki. Mtu mmoja, amekaa, ana ngoma, ana nyuzi, na bado anaimba na kumtania mwenye boma.

Kosa nililofanya ni kumkata vipande na kubana kila pigo kwenye gridi, ile mistari ya mapigo ya programu ya muziki, mapigo 122 kwa dakika. Nikampelekea asikie. Akatulia kidogo, akaniuliza, "Wuoda (mwanangu), huyu anayepiga ni mimi?" Nikamwambia ni wewe, baba. "Mbona nimefungwa kamba?"

Nikarudi nikafanya kinyume. Rekodi nikaiacha ilivyo, programu ndiyo ikamfuata yeye. Anaanza kama 116, akikolea anafika 121, na pale anapomsifu marehemu anarudi nyuma kidogo. Nilikaa siku tatu kuweka alama kila pigo la pete. Halafu sinthesaiza nikaishusha senti 30 hivi (senti 100 ni nusutoni moja, hatua ya kitufe kimoja cha kinanda), maana nyatiti hufungwa kwa sikio la mpigaji, haina habari na kinanda cha mtu.

Yangu ndiyo hayo. Leteni yenu.

*Wa Khayega:*
Kwetu Isukha, Kakamega, ni isukuti, na nilikuwa naionea aibu kabisa. Ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo, yaani baba, mama na mtoto. Mwaka 2014 UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mpaka leo sijaamua kama hiyo ni heshima au ni taarifa ya ugonjwa.

Nilianza kwa kurekodi kwenye mapigano ya fahali, Jumamosi alfajiri. Sauti ilipasuka yote, kama mtu anararua gunia. Simu hujipandisha na kujishusha sauti yenyewe, kwa hiyo ngoma kubwa ikilia, zile mbili na filimbi zote zinazama, kisha zinaibuka zikihema. Safari ya pili nilisimama hatua 20 nyuma, simu nikaivika soksi kuzuia upepo. Baadaye nikaomba wapigaji waje kwa senge (shangazi) yangu, kila ngoma ilie peke yake dakika mbili. Senge alipika chai ya watu sita tukaja kumi na mmoja.

Wale wa programu, sikieni hili: gridi huja imegawa kila pigo mara nne. Kwenye rekodi zangu pigo lilikuwa linagawanyika mara tatu. Nilihangaika wiki nzima nikidhani wapigaji ndio wamechelewa! Nilipobadilisha mgawanyo, mabega ya watu yakaanza kuelewa.

*Bondeni Usiku (Nakuru):*
Mimi sina mzee wala ngoma, nina mafundi wa jua kali. Kuna mmoja hugonga karai karibu na ninapokaa, tangu saa mbili asubuhi. Nilimchukia miaka miwili. Siku moja nikasikia kwamba hagongi ovyo: mara tatu nzito pembeni, mbili nyepesi katikati, anazungusha, anaanza upya. Nikamwendea na shilingi 50 nirekodi. Akaniangalia. "Kijana, unanunua kelele?" Pesa alichukua.

Aliyenipa moyo ni KMRU, mwanamuziki wa kielektroniki, mjukuu wa marehemu Joseph Kamaru, yule mwimbaji wa Kikuyu. Yule hurekodi mazingira, sauti za kawaida za mji, akazifanya muziki unaosikilizwa mpaka Ulaya. Nikajiambia kumbe si lazima uwe na studio.

Na kweli sikuwa nayo. Nilitumia toleo la kujaribia la programu: kazi unaweza kuihifadhi, lakini ukishaifunga huifungui tena mpaka ulipie. Ningejuaje? Nilipoteza wimbo wa wiki tatu hivyo. Tangu hapo nikawa naanza saa tatu usiku na lazima nimalize kabla ya kulala, na nikiombea stima isipotee. Kazi zangu zote za mwaka ule ni fupi, hazifiki dakika tatu, na watu husema huo ndio mtindo wangu. Mtindo gani, ilikuwa betri!

*Kijana wa Milimani:*
Mnajitesa. Mimi nilinunua furushi la sauti tayari, nikapanga, wateja wanalipa. Matangazo ya maduka hayaulizi nyatiti.

*Dada wa Njia ya Busia:*
@Kijana wa Milimani, hakuna ubaya, pesa ni pesa. Ila swali lilikuwa lingine.

Mimi sauti yangu ni kisiagi cha kijijini, mashine ya kusaga unga, ile injini ya dizeli, lakini nataka kusema jambo la kusikilizia. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa tamu ajabu kwenye hedifoni. Nikampa dereva wa matatu tunayezoeana aicheze tukielekea Busia. Tulipopita Maseno akaipunguza. "Dada, hii ngoma haina miguu." Besi yote ilikuwa imetoweka kwa sababu niliitandaza kushoto na kulia, na pande mbili zilipokutana zikafutana. Besi iwekeni katikati. Kwenye simu nako kuna shida nyingine: spika yake ndogo haifikishi sauti za chini kabisa, kwa hiyo ichafueni besi kidogo ipate mikwaruzo ya juu, sikio litajazia lenyewe. Sasa sitoi kazi kabla haijapita hedifoni, matatu na simu ya mama.

*Mwenye uzi:*
Dada, umeniponya. Jumapili nilimpelekea mzee kazi iliyokamilika, na simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe. Besi yangu yote ya siku tatu haikusikika, sifuri. Kilichobaki ni pete ya chuma na gara, wazi kabisa. Nikaona haya. Yeye akaona ni sawa tu, akasikiliza mpaka mwisho, kidole cha mguu kikicheza ndani ya ndara.

Halafu akataka nimwachie. Kadi ya simu yake ilikuwa imejaa nyimbo za benga, ule muziki wetu wa gitaa, hakuna nafasi. Nikamuuliza nifute upi, baba. Akaanza kunisomea mmoja mmoja, huu alioa nao, huu alinunulia ng'ombe, huu hapana, huu usithubutu. Nimerudi Kisumu kutafuta kadi kubwa zaidi.