Naomba ushauri: kuunganisha ruta mbili kwenye nyumba ya mawe

Wakuu, habari za humu. Niko Mikindani, Mtwara, nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe. Kuta nene kweli. Ubaridi tunaupata bure, ila waifai inafia sebuleni. Masafa ya 5 GHz hayavuki mlango wa pili, ya 2.4 GHz yanafika uani kwa kusuasua.

Ninayo ruta nyingine ya zamani. Nataka kuvuta waya wa mtandao wa Cat 6 kupitia darini hadi chumba cha nyuma (umbali si tatizo, unahimili mita 100) niifunge kule. Nikiichomeka hivihivi zitagongana, maana zote zinatumia anwani 192.168.1.1 na zote zinagawa anwani kwa vifaa. Kwa hiyo nizime DHCP (huo ugawaji wa anwani) kwenye ya pili, niipe 192.168.1.2, na waya niuchomeke tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si WAN (la kuingizia intaneti). Niko sahihi?

Shida yangu kubwa ni kompyuta ya mbele ionane na printa ya nyuma. Jina na nywila ya waifai niweke sawa kote ili simu ihame yenyewe, au nitofautishe?

Halafu ninyi wa pwani, vichwa vya waya mnavikinga vipi na kutu? Kutoboa ukuta msinishauri, mzee mwenye nyumba hataki hata kusikia.