Karakana za tairi Nairobi, acheni kutukazia nati kwa mashine bila kipimo

Ndugu wenye magari, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Katika karakana nyingi za tairi jijini, kuanzia kibanda cha kando ya barabara hadi zile zenye sakafu ya vigae, nati za magurudumu hukazwa kwa mashine ya upepo mpaka zinagoma kabisa, kisha gari linatolewa nje bila mtu yeyote kupima chochote. Atakayeumia ni dereva atakayepata pancha usiku mahali pasipo na msaada, akiwa na ile spana fupi tu iliyokuja na gari.

Mimi yalinikuta kwenye Southern Bypass, upande wa Msitu wa Ngong, jua likiwa limekwisha kuzama, huku dada yangu na mtoto wake mchanga wakiwa kiti cha nyuma. Tairi la akiba lilikuwa na upepo wa kutosha, na jeki haikuwa na kasoro. Nati zilifunguka kwa shida, kila moja ikilia kwa mlio mkali, isipokuwa moja ambayo haikutikisika hata nilipoipanda spana kwa uzito wangu wote. Mwishowe spana iliteleza, ikakwangua pembe za nati hiyo hadi unga wa chuma ukabaki unang'aa kwenye rimu, na tangu hapo hapakuwa na pa kushika. Gari lilivutwa. Kesho yake fundi mwingine aliipasua nati kwa patasi, studi (kile chuma cha kama skrubu kinachoshika nati) ikakatika, ikabidi diski ya breki ivuliwe ili studi mpya ipigiliwe. Gharama zote hizo nilizibeba mimi, wakati magurudumu hayo yalikuwa yamefungwa na karakana ambayo nilikuwa nimeilipa.

Nilipokwenda kulalamika, mwenye karakana alinijibu, "Bosi, nati ikilegea si utatulaumu sisi?" Jibu hilo ndilo lililonikera kuliko hasara yenyewe, kwa sababu linachukulia kwamba kukaza kupita kiasi ni usalama. Si usalama hata kidogo. Studi hufanya kazi kwa kunyumbuka kidogo na kuivuta nati irudi kwenye rimu. Ikivutwa kupita uwezo wake hurefuka bila kurudi, hesi zake (ile mikunjo inayoishika nati) huharibika, na inaweza kukatika gari likiwa mbioni. Nati zikikazwa kwa nguvu zisizolingana, diski nayo inaweza kupinda, usukani ukaanza kutetemeka kila unapokanyaga breki.

Kipimo kipo na si siri. Magari kama Toyota Fielder na Axio, ambayo yamejaa katika jiji hili, yanahitaji nyutoni-mita 103, yaani kipimo cha nguvu ya kuzungusha nati. Kwa spana yenye mkono wa robo mita, huo ni uzito wa kilo 42 hivi, ambao karibu kila mtu mzima anaweza kuuweka. Mashine ya upepo ikikaza hadi nyutoni-mita 400, jambo ambalo nyingi zinaliweza bila taabu, utahitaji zaidi ya kilo 160 kwenye spana hiyohiyo. Ni nani kati yetu aliye na uzito huo? Fundi anapoendelea kubonyeza kitufe ilhali nati imekwisha kusimama, na mashine inagonga tu, anamfungia mwenzake njia ya kujiokoa.

Kazi yenyewe haihitaji maajabu. Hesi zisafishwe kwa brashi ya waya bila kupakwa grisi, kwa maana grisi huifanya nati ikaze kuliko kipimo kinavyoonyesha. Nati zianzishwe kwa vidole, zikazwe kwa kupishana, gari lishushwe, kisha fundi amalizie kwa spana ya kupimia mkazo. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena. Hatua hiyo ya kumalizia kwa spana ni dakika chache tu, na ndiyo wanayoiruka.

Nanyi mliokwisha kufungiwa hivyo, zilegezeni nati nyumbani mchana, gari likiwa chini na breki ya mkono imevutwa, kwa soketi ya pembe sita na mkono mrefu, kisha mzikaze upya kwa kipimo. Msingoje pancha.

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inatupa haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa, na kufunga gurudumu ni huduma tunayoilipia. Ninadai karakana zianze kuandika kwenye risiti kipimo cha mkazo walichotumia. Mwenye kuijua karakana yoyote hapa Nairobi ambako fundi humalizia kwa spana ya kupimia bila kuombwa, aeleze iko mtaa gani na inatoza kiasi gani.