Naomba ushauri: nimwambie binti yangu siku ya harusi kwamba anaweza kurudi nyumbani?

Baba wa Umoja
Wazazi wenzangu na vijana mlio humu, habari za jioni. Niko na jambo linanisumbua na harusi ni Jumamosi hii, kwa hivyo mniambie ukweli msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Binti yangu wa kwanza anaolewa. Sisi ni watu wa Kiambu lakini tumeishi Umoja tangu kabla hajazaliwa, wakwe zetu wanatoka upande wa Machakos, ni watu wa heshima sana na kijana sina neno naye, nimemwangalia vizuri tangu walipokuja mara ya kwanza na sijaona ubaya. Ruracio, yaani mahari, ilikuja, ngurario, ile harusi yetu ya kimila ya Wakikuyu, ikafanywa, kiande, bega la mbuzi, kikakatwa, kimila huyu ni mke wa mtu tayari, imebaki kanisa na sherehe. Kamati imenipa dakika tano nishike maiki kabla keki ikatwe.

Sasa kitu ninachotaka kumwambia ni hiki: mwanangu, ukipigwa rudi nyumbani, usiku ama mchana, na hakuna mtu atakuuliza mambo ya mahari. Ndugu yangu mkubwa aliposikia hivyo alikataa kabisa, akasema huwezi kutamka kurudi siku mtu anaenda, ni kumwitia mabaya na ni kuwatusi wakwe mbele ya wageni wao.

Lakini yeye anajua naongea kutoka wapi. Dada yetu aliolewa mimi nikiwa bado shule. Akarudi nyumbani uso umevimba, wazee wakakaa, wakasema mbuzi zishaliwa, vumilia mama ndoa ni kuvumilia, akarudishwa. Akaja tena, akarudishwa tena. Leo sikio lake la kushoto halisikii, ukiongea naye anageuza shingo akuletee lile la kulia, na watoto kwa familia wanafikiria ni mazoea yake tu. Jumamosi atakuwa pale meza ya mbele amevaa sare na mashangazi wengine, na mimi nitakuwa nimesimama naongea juu ya upendo huku nikimwona anageuza hiyo shingo anisikie. Siwezi kusema maneno matamu tu nikae chini.

Na si mambo ya zamani. Agnes Tirop, yule mwanariadha wetu, alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake peke yao kule Ujerumani Septemba 2021, Oktoba akauawa kwa nyumba yake Iten akiwa na miaka 25. Msichana mwenye nguvu vile. Januari 2024 wakati wanawake waliandamana hapa taoni juu ya haya mauaji binti yangu alikuwa huko, mimi nampigia simu kila saa kwa wasiwasi, jioni akafika nyumbani akaniuliza, baba, kwani hao wote hawakuwa na kwao? Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hivyo niseme kwa maiki, nimwambie tukiwa wawili, ama ninyamaze vile ndugu yangu anataka?

Mzee wa Dagoretti
Pongezi kwanza kwa kulea mpaka hapo. Lakini mimi niko upande wa ndugu yako. Nimeozesha wasichana na nimekaa vikao vya kusuluhisha ndoa miaka mingi, vijana wa sasa wakikosana juu ya simu tu mtu ashabeba nguo. Ukimfungulia mlango mbele ya watu, siku ya ugomvi wa rent atakumbuka hilo neno lako tu. Kinywa cha mzazi kina uzito siku kama hiyo, toa baraka. Hayo mengine achia mama yake na mashangazi.

MC wa Eastlands
Baba nisikize, hii ni kazi yangu kila wikendi. Kwa maiki neno kupigwa halifai, si kwa sababu ni uongo, ni kwa sababu hema yote itageuka kumwangalia kijana na mama yake, na video inachukuliwa, kesho iko TikTok na hakuna mtu huko anajua stori ya dada yako. Sema tu, huyu hatujamtoa, sisi tumeongeza mtoto, na nyumba yetu ni yao wote wawili saa yoyote. Wakwe watapiga makofi na binti yako ataelewa.

Halafu yale mazito umwambie kando, na tafadhali usingoje Jumamosi asubuhi. Hiyo saa watu wa mekapu wamejaa chumbani, akina mama wamefunga geti wanangoja upande wa bwana harusi waimbe ndio wafunguliwe, mpiga picha anamtaka dirishani, hutapata hata dakika mbili na mtoto wako.

Mama Wawili Kayole
Nimesoma nikalia. Mimi baba aliniambia tukiwa kwa gari tumekwama Jogoo Road tukienda kanisa. Hakuongea mengi, alisema hii pikapu yangu inaweza kubeba vitu vyako hata ikiwa saa nane usiku, na sitakuuliza kitu mpaka ukule kwanza.

Mzee wa Dagoretti nakuheshimu sana lakini hilo neno halikunitoa kwa ndoa, lilinifanya nikae. Tulikosana juu ya rent, juu ya mamake, juu ya pesa ya chama, na sikuwahi kubeba nguo kwa sababu nilijua sijafungwa. Siku alinikaba shingo ndio nilipiga simu. Baba akaja, akakaa kwa gari akaningoja nipange vitu vya mtoto, hakupigana na mtu, hakuuliza. Nyumbani nikapata ugali na sukuma imefunikwa mezani.

Mwambie. Na useme neno lenyewe, usizungushe, kwa sababu mtu akiwa kwa hiyo hali anatafuta kila sababu ya kujiambia kwamba hukumaanisha.

Wakili Mdogo
Kuongezea tu. Katiba ya 2010 kifungu cha 45 inasema wanandoa wako na haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa kwa ndoa na hata ndoa ikivunjika. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inasema pale mahari inahitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, hata kiasi kidogo cha ishara kinatosha, kwa hivyo ni ushahidi wa ndoa, si bei ya mtu. Kuna pia sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, mahakama inaweza kutoa amri ya kumlinda. Na namba 1195, ya kusaidia watu wanaodhulumiwa kijinsia, ni ya bure, aiweke kwa simu.

Kijana wa Rongai
Mimi nilioa juzi tu. Siku ya ruracio baba mkwe alinivuta kando akaniambia, ukichoka naye usimguse, nirudishie vile nilikupa. Sikuona matusi hapo, niliona mzee anaongea na mimi kama mwanaume. So mzee usiambie binti peke yake, keti nao wote wawili. Kama kijana ni mzuri vile unasema hatakasirika.

Baba wa Umoja
Asanteni sana, nimesoma yote na mama watoto.

Mzee wa Dagoretti, ugomvi wa simu na rent nakubaliana na wewe, hapo hata mimi mwenyewe nitamsindikiza arudi kwake. Lakini ngumi ni kitu kingine. Na juu ya kuachia mashangazi, dada yetu alikuwa na mashangazi, walikuwa hapo wakilia naye jikoni. Aliyesema arudi ni baba, na baba akishasema hakuna mwingine angefungua mdomo. Ndio maana nataka neno litoke kwangu mapema, nikiwa hai na watu wakijua nimelisema.

Kwa hivyo kijana anakuja hapa Alhamisi jioni, niketi nao wote wawili. Dada yangu nimemwomba awe hapo, amekubali, anasema atajieleza mwenyewe. Sina pikapu lakini nitakuja hata na gari ya kukodi, nitawaambia hivyo hivyo. Kwa maiki nitatumia maneno ya MC. Ndugu yangu bado ananuna, kesho naenda kwake asije akasikia kwa watu wengine.

Mzee wa Dagoretti
Kama ni ngumi unaongelea basi hatuna ubishi. Lakini usiwazunguke wakwe. Yule mzee aliyekuwa msemaji wao kwa ruracio mpigie kabla ya Alhamisi, umwambie unataka kuongea na kijana juu ya nini, asisikie tu kijana aliitwa. Akiwa mtu wa busara atamwambia kijana hivyo hivyo kutoka upande wao.

Baba wa Umoja
Hilo sikuwa nimelifikiria. Nampigia leo kabla alale.