Yule mama wa chekechea yetu atanifanya nilale mahabusu kwa ajili ya kadi ya kliniki

Wakuu, naandika nikiwa kwenye bajaji, mikono bado inatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie.

Yule mama mnamjua. Geti la bluu, miwani inaning'inia shingoni kwa mnyororo, sauti inafika mpaka kwa wauza mkaa ng'ambo ya barabara. Simtaji. Wa mtaa huu mmeshamjua, na mlio mbali kila mtaa una wa kwake.

Leo shule zimefunguliwa. Nimeomba ruhusa kazini ili nimpeleke mwanangu mwenyewe siku yake ya kwanza. Sare mpya, begi limemzidi kimo, chupa ya maji shingoni. Ada nimelipa yote. YOTE. Risiti ninayo. Tunafika getini kuna meza, mezani kaketi yeye. Hata salamu hakuna. "Kadi ya kliniki."

Nikampa. Akaishika kwa ncha za vidole viwili, akaiinua juani, akaichungulia kama noti ya elfu kumi aliyoambiwa ni feki. Kisha akaanza kuisoma kwa sauti, foleni nzima ya wazazi ipo nyuma yangu. "Polio, ipo. Penta moja, mbili, tatu, zipo. Nimonia, zipo. Ya kuhara, ipo. Surua ya miezi tisa, ipo. Surua ya miezi 18..." Akanyamaza. Ule ukimya nadhani mpaka sasa haujaisha.

Nikamweleza kwa adabu zote nilizofundishwa na marehemu bibi. Mama yake alimpeleka kliniki, akarudishwa, akaambiwa watoto hawajatosha kufungua chupa ya chanjo. Kabla hajarudi ikaja kampeni ya surua na rubela ya Februari 2024, ile ya nchi nzima. Wahudumu wakapiga kambi ofisi ya serikali ya mtaa, mtoto akachomwa, kidole kikapakwa wino. Kadi ilikuwa nyumbani, haikuandikwa. Basi. Hadithi imeisha.

Kwake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Akamvuta mtoto, AKAMVUA SHATI. Getini. Akaukagua mkono wa kushoto kutoka begani mpaka kwenye kucha, akainua kichwa, akasema ile sauti ya wauza mkaa: "Hata kovu la BCG, ile ya kifua kikuu, hana. Baba, huyu mlimchanja kliniki au kwa mganga?"

Kwa mganga, wakuu.

Foleni ikaangua kicheko. Bodaboda wakacheka. Mlinzi, ambaye nimetoka kumpa hela ya chai dakika ileile, akacheka mpaka akashikilia geti. Mwanangu kifua wazi naye anacheka, hajui anachekwa yeye.

Na kovu LIPO! Lipo bega la kulia, ambako Tanzania nzima tunachomwa BCG. Mimi ninalo, wewe unalo, na yeye analo chini ya kile kitenge chake. Kakagua mkono usiohusika! Watoto wangapi wamepita mikononi mwake na bado hajui kovu linakaa upande gani! Nikamwambia madamu, geuza upande wa pili. Hakugeuza. "Mrudishe kadi ikijaa. Anayefuata."

Anayefuata! Na ada nimelipa!

Msije mkanigeuzia maneno, chanjo sipingi. Waombe kadi, surua haina mchezo, mtoto mmoja akiingia nayo darasani wanaondoka nayo wote. Lakini shati? Getini? Kwa mganga? Mke wangu kanipigia kuuliza mtoto ameanzaje shule, nimejibu niko kwenye kikao.

Nawasilisha.

Kitasa Sugu: Kwa hiyo kwa ufupi kadi haijajaa.

Mwenye uzi: Soma tena, mkuu. Alimvua shati.

Kitasa Sugu: Nimesoma. Haijajaa.

Dada wa Sindano: Mimi nipo kitengo cha mama na mtoto, acha nikusaidie kabla watu hawajakumaliza. Chanjo ya kampeni ni ya nyongeza. Mtoto anapewa hata kama za kwenye kadi anazo zote, kwa hiyo kile kisanduku cha miezi 18 bado kinadai. Ile ya miezi tisa peke yake haitoshi, katika watoto 100 kuna 15 hivi ambao haiwashiki, ndiyo maana kuna ya pili. Umri kupita si tatizo, mpeleke atachomwa, na ni bure. Kuhusu bega uko sahihi, ni la kulia. Kukosa kovu nako si ushahidi, wapo wanaochanjwa lisitokee.

Mwenye uzi: Ahsante dada yangu. Umeona lakini? BEGA LA KULIA. Mtu anaendesha kituo na hajui bega.

Kanga ya Njano: Mimi nilikuwa nyuma yako kwenye foleni leo. Mbona hujawaambia watu kwamba ulimuuliza "unanijua mimi ni nani?" naye akakujibu "sikujui, ndiyo maana nimeomba kadi"? Hapo ndipo tulipocheka, kaka. Ya mganga ilikuja baadaye.

Mwenye uzi: Hilo halihusiani na mada.

Mzee wa Foleni: 😂😂😂 Uzi umekufa hapa. Modi funga.

Jicho la Tatu: Amkeni Waafrika. Hizo chanjo ni mpango wa kutupunguza.

Kitasa Sugu: Kwenu mmezaliwa tisa na wote mna kovu begani. Mpango umefeli, kalale.

Mama Pacha: Mimi hasira zangu ziko kliniki, sio chekechea. Chupa ya surua ni ya watoto kumi, ikishachanganywa inatakiwa iishe ndani ya saa sita, ikibaki inamwagwa. Basi nesi anakaa anahesabu vichwa. Mimi na mapacha wangu tunahesabika wawili, naambiwa "mama, bado wanane". Wanane nawatoa wapi, niwazae pale kwenye benchi? Nikatoka nje nikaanza kuita watu barabarani, konda wa daladala akadhani namnyang'anya abiria.

Dada wa Sindano: Mama Pacha pole. Ila sisi tukimwaga chanjo za watoto wanane nani atatuelewa? Ndiyo maana tunapanga siku. Muulize nesi siku ya surua, uje siku hiyo.

Mama Pacha: Siku yenyewe ikifika nesi yuko semina.

Dada wa Sindano: Hapo sina la kusema.

Mbongo Texas: Nyie mnalia na kisanduku kimoja. Huku Marekani niliwapelekea kadi ya Bongo imejaa kila kona, nesi wa shule akaigeuzageuza akanirudishia. Surua ya miezi tisa hawaitambui, wanahesabu kuanzia mtoto atimize mwaka mmoja. Halafu yetu ni surua na rubela, wao wanataka na ya matumbwitumbwi humohumo. Wakataka na tetekuwanga, ambayo kwenye kadi yetu haina hata mstari. Tarehe nazo wao wanaanza na mwezi, wakaisoma kadi kinyumenyume, mwanangu akaonekana kachanjwa polio kabla hajazaliwa. Kachomwa upya. Halafu hapahapa Texas kuna wazazi wanajaza fomu ya kukataa kwa dhamiri na mtoto anaingia darasani. Mwaka 2025 surua ililipuka magharibi mwa jimbo, watoto wawili wa umri wa shule wakafa, wote hawakuwa wamechanjwa.

Mwenye uzi: Poleni sana huko. Lakini huyo nesi wa kwenu alimvua mtoto shati mbele ya watu?

Mbongo Texas: Hapana.

Mwenye uzi: Basi bado mimi ndiye nimeonewa zaidi.

Jirani wa Machakos: Kwani huko kwenu mnadungwa BCG kwa bega? Huku Kenya ni mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Labda huyo madam alisomea kwetu, msameheni tu.

Mwenye uzi: Hata hiyo angeipata wapi, yeye aliangalia begani, na kucha!

Mzee wa Foleni: Jamaa mpaka kucha ameziweka rohoni.

Fagio la Chelewa: Nyie mna bahati mnaombwa karatasi mliyopewa bure. Chekechea ya binti yangu wameleta orodha: mifagio miwili, wa ndani na wa chelewa, ndoo yenye mfuniko, sabuni ya unga, dawa ya chooni, na rimu mbili. Mtoto ana miaka mitatu. Rimu mbili za nini, anaandika katiba?

Kanga ya Njano: Wewe mbili? Kwetu tatu, na penseli boksi zima. Mwanangu penseli anazila.

Mama Pacha: Mimi kila kitu mara mbili kwa sababu ya mapacha. Nikauliza, choo si kimoja? Wakasema watoto ni wawili. Kliniki wawili ni wachache, shuleni wawili ni wengi.

Kitasa Sugu: Tulipeleka mifagio Januari, Machi nikaikuta dukani kwa mwenye chekechea. Wangu nauweka alama ya kiberiti kwenye mpini. Niliununua tena, nikaupeleka tena.

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye mada. Kwa mganga, mbele ya foleni...

Fagio la Chelewa: Wewe mwenye kadi pungufu kaa pembeni, watu wazima tunazungumza mambo ya mifagio.

Mzee wa Foleni: Nakazia.

Jicho la Tatu: Mifagio nayo ni mpango.

Kitasa Sugu: Hapo sasa nakuelewa.

Kanga ya Njano: Kuna mtu anajua rimu Kariakoo wanauzaje sasa hivi? Nataka nichukue katoni tugawane na wazazi wenzangu.

Fagio la Chelewa: Inategemea gramu. Kwenu wanapokea za 70?

Kanga ya Njano: Mwaka jana walipokea.

Fagio la Chelewa: Ulizia kwanza. Sisi wanataka 80 tu, za 70 nimerudi nazo nyumbani leo.