Ati Meya Kaoa Bahari
(kikundi: UKOO WA MALINDI 🌊)

Rukia Mestre: Shikamooni wakubwa. Leo niko kisiwa cha Lido huku Venice, Italia, nimekuja na wenzangu wa kazini kuangalia sherehe inaitwa Sensa, nishatuma picha, zisipofunguka ni netiwaki yenu

Bakari: Zimefunguka. Huyu mwenye mkanda wa rangi tatu anarusha nini majini?

Rukia Mestre: Pete. Huyo ndo meya. Anaoa bahari 😂

Shangazi Mwanaisha: Anaoa nini??

Shangazi Mwanaisha: Rukia umekula leo?

Rukia Mestre: Nimekula shangazi 🤣 ni sherehe yao ya kale. Zamani Venice ilikuwa dola yake yenyewe na mkubwa wao akiitwa Doge, sasa mwaka 1000 siku ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana Doge Pietro II Orseolo akatoka na merikebu zake kwenda Dalmatia, huko Croatia ya leo, kuwashughulikia maharamia waliokuwa wakiwasumbua wafanyabiashara, akarudi kashinda, basi ikawa kila mwaka siku hiyo wanatoka mpaka kwenye mlango wa bahari, pale maji ya ndani yanapokutana na bahari kubwa, wanaombea. Pete ilikuja baadae, wenyewe husema alitoa Papa Alexander III mwaka 1177 alipokuja kupatana na kaizari Barbarossa

Mjomba Athmani: Marahaba mwanangu. Hicho chombo kina makasia mangapi

Rukia Mestre: Mjomba hiki cha leo kidogo tu. Chenyewe chenyewe kiliitwa Bucintoro, cha mwisho kilianza kazi 1729, karibu mita 35, makasia 42 kila kasia watu wanne, na dhahabu mwili mzima

Mjomba Athmani: Watu 168. Na tanga?

Rukia Mestre: Hakina tanga

Mjomba Athmani: Basi hicho si chombo ni kitanda cha harusi. Upepo ukiamka je

Rukia Mestre: Hali ikiwa mbaya walikuwa wanaahirisha, wakingoja bahari itulie ndo Doge atoke

Mjomba Athmani: Anaoa mtu anayemuogopa 😂

Bakari: Kiko wapi sasa hicho chombo, makumbusho?

Rukia Mestre: Wapi! Napoleon. Dola ilianguka 1797, mwaka uliofuata askari wake wakakichoma wapate dhahabu, gofu lililobaki wakalitia mizinga likawa la kulinda huo mlango wa bahari. Na sherehe ikafa hapo, walikuja kuifufua 1965. Ndo hapo ikawa ya watu wa kawaida manake Doge hayupo tena, meya anapanda mashua ya sherehe pale San Marco katikati ya mji na nyuma yake vilabu vya mitaani, kina mama, wazee, vijana wadogo, wanapiga makasia wamesimama wima wote wanatazama mbele wallahi ukiwaona utapenda. Wakifika Lido pete inatupwa, kisha misa, kisha mashindano. Mimi hiyo pete hata sikuiona vizuri niliyoyafuata ni hayo makasia

Shangazi Mwanaisha: Na wanasema nini wakitupa

Rukia Mestre: Maneno ya Doge yalikuwa ya Kilatini, kama hivi: tunakuoa ewe bahari kwa ishara ya umiliki wa kweli na wa daima

Shangazi Mwanaisha: Umiliki!! Bahari ya Mwenyezi Mungu! Huo ni ujeuri na kufuru juu yake

Rukia Mestre: Ngoja nikuchekeshe. Wamefufua 1965. Novemba 1966 bahari ikapanda sentimita 194 ikaingia mpaka kanisani San Marco, madukani, haijawahi kufika hapo toka waanze kupima

Bakari: Bibi harusi kahamia 🤣🤣🤣

Rukia Mestre: Na 2019 tena 187. Sasa wamejenga kuta za chuma chini ya maji, vipande 78 kwa milango yote mitatu ya bahari, maji yakitaka kujaa sana wanavisimamisha, walianza kuvitumia 2020. Na hapo Lido pete inapotupwa ndo pana mlango mmoja wapo!

Mjomba Athmani: Kamuoa kisha kamfungia nje

Bakari: Mi kuna mgeni mmoja tuliyemhudumia pale hotelini, wa Cervia, mji wa chumvi kusini ya Venice, alikuwa akinihadithia kwao nao wanayo harusi hii lkn yao tofauti. Ati 1445 askofu wao Pietro Barbo, ndo yule alikuja kuwa Papa Paul II, alikuwa anarudi kwa chombo kutoka Venice dhoruba ikawapiga, akavua pete yake akaitupa majini akaomba, bahari ikatulia. Mpaka leo askofu anatupa pete siku hiyohiyo ya Kupaa, na vijana wanapiga mbizi kuitafuta, mwenye kuipata ndo shujaa wa mji

Mjomba Athmani: Huyo nimemuelewa. Huyo katoa akiwa ndani ya mawimbi. Yule wa kwanza kangoja shwari ndo akaja kujitangaza bwana. Sisi tukishusha chombo kipya tulikuwa tunasoma dua tunachinja tunakula, hatukusema bahari ni yetu, tunaomba iturudishe tu

Bakari: Mjomba si tufanye basi hapa, bila pete bila askofu, ngalawa tu na mashua, Lamu si wanashindana vizuri tu na Maulidi yao watu wanatoka mbali kuja kuangalia. Tufanye Mei kama hao

Mjomba Athmani: Mei upepo wa kusi umeshaingia, utamtoa nani na ngalawa? Hao Mei yao nzuri ndo maana wanaoa. Sisi tungoje matlai, Oktoba Novemba, maji yametulia

Rukia Mestre: Mkifanya muanze na wenye vyombo wenyewe na watoto wao. Huku kama si hivi vilabu vya makasia ingebaki meya na watalii wa kupiga picha, manake wenyeji waliobaki kisiwani hawafiki hata elfu 50, wengi wamehamia huku bara Mestre

Mjomba Athmani: Nitumie video wakipiga makasia wamesimama, nataka kuona wanakunja goti gani

Shangazi Mwanaisha: Na chakula cha hiyo Oktoba yenu nani atapika? Maana nishajua mnakoelekea

Bakari: Shangazi 🙏🙏

Shangazi Mwanaisha: Usinipigie magoti. Mchele mnunue nyinyi