Mdogo wangu ana skizofrenia na ameacha dawa: nimjibu nini anaposema haumwi?

Swali, kutoka kwa Dada Mkubwa

Wakubwa shikamooni, na wengine nawasalimu. Mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 22. Mwaka jana alianza kujifungia chumbani, akaacha masomo, akafunika dirisha kwa blanketi akiamini kwamba majirani wanamsikiliza kupitia simu yake hata ikiwa imezimwa. Alilazwa wiki tano, na daktari akatuambia kwamba ni skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini mambo yasiyo ya kweli. Alirudi akiwa ametulia, lakini tangu mwezi uliopita ameacha vidonge, na kila tukimkumbusha anajibu kwamba yeye haumwi, bali sisi ndio tunaomtia ugonjwa. Baba anamwona mvivu kwa kuwa analala hadi adhuhuri na haogi mpaka aambiwe. Mimi nimekuwa nikibishana naye kuhusu hao majirani, nikimletea ushahidi huu na ule, na sasa hata salamu zangu haitikii. Je, nikubaliane naye ili nyumba itulie? Na dawa tumpe vipi mtu asiyeamini kwamba ni mgonjwa? Shangazi ameshauri tuzisage na kuzitia kwenye chakula.

Jibu, kutoka kwa Muuguzi Mstaafu

Pole sana, dada. Naomba nianze na hilo la chakula: msifanye hivyo. Mtu ambaye tayari anahofu kwamba watu wanamfanyia njama, siku akigundua kuwa chakula cha nyumbani kina kitu kilichofichwa, hofu yake itakuwa imepata ushahidi wa kweli, nanyi mtakuwa mmeupoteza mlango wa mwisho wa kuingilia.

Kuhusu ubishi, imani ya aina hii haikujengwa kwa ushahidi, kwa hiyo haibomoki kwa ushahidi. Lakini kukubaliana naye pia ni kosa, kwa sababu akipata nafuu atakumbuka kwamba ulimdanganya. Iache habari yenyewe, ujibu hofu iliyo ndani yake: "Mimi sioni kwamba majirani wanakusikiliza, lakini naona hujalala, na ningeamini kwamba ninasikilizwa hata mimi nisingelala. Nikae nawe kidogo?" Hapo hujasema uongo wala hujamwita mwongo.

Kusema kwamba haumwi si ukaidi. Wapo watu waliopooza mkono baada ya kupata kiharusi ambao wanashikilia kwamba mkono ule ni mzima, kwa sababu sehemu ya ubongo ambayo ingewajulisha ndiyo iliyoathirika. Kwa wagonjwa wengi wa skizofrenia hali inafanana na hiyo. Kinachowapotosha zaidi ni kwamba ugonjwa haurudi siku ileile dawa inapoachwa. Huweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi, na katika muda huo mgonjwa hujiona kuwa alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Muulize, bila kumhukumu, dawa zilikuwa zinamfanyaje. Wengine hukakamaa misuli, wengine miguu haitulii hata wakikaa, wengine hunenepa haraka au husinzia mchana kutwa. Wapo pia vijana wanaopungukiwa na nguvu za kiume, na hilo hawezi kumwambia dada yake. Afadhali awepo mwanamume anayemwamini. Madhara hayo yana tiba: daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kumpa sindano ya kila wiki mbili hadi nne, ambayo huondoa ugomvi wa vidonge wa kila asubuhi. Ikiwa dawa mbili tofauti zimetumika ipasavyo bila mafanikio, ipo klozapini, ambayo huwasaidia wengi walioshindikana kwa dawa nyingine, ila inahitaji damu ipimwe mara kwa mara kwa kuwa inaweza kupunguza chembe nyeupe za damu, zinazoukinga mwili dhidi ya maambukizi.

Jibu, kutoka kwa Mama wa Wawili

Mwanangu, mimi nataka kuzungumza na baba yako. Sauti na hofu ndizo zinazoonekana, lakini ugonjwa huu una upande mwingine, ambao hauongezi kitu bali unapunguza: unaondoa ari, hamu ya kuongea, furaha, hata ule msukumo mdogo wa kuinuka na kwenda kuoga. Dawa huzituliza sauti kuliko zinavyorudisha ari. Nilimwita kijana wangu mvivu kwa miaka miwili, na neno hilo bado linanichoma.

Miongo kadhaa iliyopita, mtafiti George Brown na wenzake huko London waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitalini, wakaona kwamba waliorudi katika nyumba zenye lawama, uhasama au kuingiliwa mno walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wengine. Kuingiliwa mno, maana yake ni sisi akina mama tunaomfanyia mtu mzima kila kitu. Hata hivyo, asije mtu akakuambieni kwamba nyumba ndiyo iliyouleta ugonjwa. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann aliandika kwamba malezi ya mama ndiyo chanzo, na kina mama wengi wakabebeshwa mzigo huo kabla ya dhana hiyo kutupwa. Urithi una nafasi kubwa, lakini si hukumu: hata kwa pacha wanaofanana kabisa, mmoja akiugua, mara nyingi zaidi mwenzake haugui.

Kwetu kilichosaidia ni jambo moja dogo kwa siku, lenye saa yake. Kwanza ilikuwa kumwagilia mimea. Baadaye ndipo kuoga.

Jibu, kutoka kwa Ninayeishi Nayo

Dada, nina ugonjwa huu kwa miaka 11. Sauti kwangu si mawazo. Zinatoka nje, nyuma ya bega la kushoto, na zinajua mambo ninayoyaonea aibu. Aliyeniambia "hakuna kitu" nilimwona kiziwi au mshirika wao.

Sikuanza kumeza dawa kwa kukubali kwamba mimi ni mgonjwa. Nilianza kwa sababu kaka yangu aliniuliza ninataka nini, nikasema nataka kulala usiku, naye akasema basi tujaribu hizi kwa ajili ya usingizi, na kwa kweli nililala. Neno "skizofrenia" nilikuja kulikubali miaka mitatu baadaye. Mdogo wako anataka nini? Masomo? Anzia hapo.

Dada Mkubwa anarudi

Asanteni nyote. Jana nilikaa mlangoni pake bila kusema neno, naye akaniuliza kama nimekula. Swali la mwisho: ni wakati gani hatupaswi kusubiri tena?

Muuguzi Mstaafu

Akizungumzia kufa, akisema sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, akikataa kula na kunywa, au akishika silaha kwa hofu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Ukiwa na shaka, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, na wengi hupata ahueni kwa kuulizwa. Siku atakapokuwa ametulia, andikeni pamoja dalili zake za mwanzo, kama lile blanketi dirishani, pamoja na jina la mtu ambaye yeye mwenyewe angependa aitwe kwanza.